Mgodi umeingia kijijini: mwongozo kamili wa kuunganisha daftari la kijiji na mikataba ya dunia

Lambo lilibadilika rangi usiku wa kuamkia Jumatatu. Kufikia Alhamisi ng'ombe tisa walikuwa wamekufa, nasi tulikuwa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, nje kidogo ya Nzega mjini, tangu saa nne asubuhi hadi jua likaanza kuinama. Kila mtu alijua maji yametoka kwenye mtambo gani wa kuchenjulia marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa ambayo yameshatolewa dhahabu mara ya kwanza. Wazee walisema, kina mama walisema, hata kijana wa bodaboda aliyepita pale saa nane za usiku alisimama akaeleza alichokiona. Wiki iliyofuata tulipofika wilayani tukaambiwa tutoe muhtasari. Tulikuwa nao: ukurasa mmoja wa daftari la mwanafunzi, bila tarehe, bila orodha ya waliohudhuria, sahihi ya mwenyekiti ipo, ya mtendaji haipo. Shauri likafia palepale mezani.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili. Baada ya siku ile nilianza kusoma mikataba ambayo Tanzania imeiridhia kuhusu madini, mazingira na haki za watu, nikitafuta mlango ambao tungeweza kuupita. Milango ipo mingi kuliko nilivyodhani. Ila karibu yote inafunguliwa na karatasi ileile tuliyoshindwa kuiandika vizuri chini ya mwembe. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari, na maji ya lambo nayo ni mali. Mwongozo huu ni kwa wenyeviti, watendaji, kamati za mazingira na wachimbaji wadogo wa Nzega, Igunga, Sikonge na kwingineko mkoani Tabora ambako dhahabu inachimbwa au inatafutwa.

Hatua ya 1: Mjue mwenye leseni, kisha mjue aliye nyuma yake

Usianze na kelele, anza na namba ya leseni. Nenda kwa Afisa Madini Mkazi, au fungua ramani ya leseni ya Tume ya Madini kwenye intaneti, uangalie eneo lenu liko chini ya leseni gani. Leseni ya utafutaji haimruhusu mtu kuchimba. Leseni ndogo ya uchimbaji, ile ambayo machimboni kila mtu anaiita PML, hutolewa kwa Watanzania tu na hudumu miaka 7. Juu yake kuna leseni ya kati, na juu kabisa leseni maalumu ya migodi mikubwa ambayo mtaji wake hauanzii chini ya dola milioni 100 za Marekani. Mtambo wa kuchenjua nao una leseni yake. Mara nyingi ugomvi wa kijiji ni na mtambo, lakini barua inaandikwa kwa mwenye shimo.

Kazi yenyewe inaanzia hapo. Leseni inaweza kuwa na jina la ndugu yetu wa hapahapa, huku karasha (mashine ya kusagia mawe), pampu, sianidi (kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu) na pesa za mafuta ni za mgeni aliyeingia kwa mkataba wa msaada wa kiufundi. Au kampuni imesajiliwa Dar es Salaam, kampuni mama yake iko Australia, Kanada au Uingereza, na mkopo wake umetoka benki ya maendeleo. Uliza. Soma kibao cha getini, soma magari, soma tovuti ya kampuni mama. Soma pia ripoti za TEITI: Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi katika uziduaji (uchimbaji wa madini, mafuta na gesi) mwaka 2009 na ikatunga sheria yake mwaka 2015, kwa hiyo malipo ambayo kampuni kubwa zinatoa serikalini huchapishwa.

Halafu fuata dhahabu yenyewe. Tangu masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019, dhahabu ya mchimbaji mdogo inatakiwa kupita sokoni, inapimwa, mrabaha unakatwa, ndipo mnunuzi anaisafirisha. Nani ananunua? Anapeleka kwenye kiwanda gani cha kusafisha? Andika jina. Utalihitaji kwenye hatua ya 6, kwa kuwa mnunuzi wa mbali ana masharti yake, na anaogopa jina lake kutajwa pamoja na lambo lililokufa.

Kama huwezi kupata nyaraka kwa mdomo, andika barua ukitumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Taasisi ya umma ina siku 30 za kukujibu. Omba vitu kwa majina yake: nakala ya leseni, cheti cha mazingira, ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira au, kwa wachimbaji wadogo, mpango wa kulinda mazingira, na mpango wa mwaka wa uwajibikaji kwa jamii ambao Sheria ya Madini inataka kampuni ikubaliane na halmashauri. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri siku 30 hazina mwanzo.

Hatua ya 2: Pima kwa futi kamba

Kabla ya kutaja mkataba wowote wa Umoja wa Mataifa, pima. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mwenye makazi kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au chanzo cha maji. Hivyo viwili unaweza kuvipima mwenyewe asubuhi moja, na vikionyesha kasoro una hoja ambayo hata afisa aliyechoka hawezi kuizunguka.

Pima mbele ya mtendaji na watu watatu wasiokuwa ndugu. Piga picha huku simu ikiwa imewashwa huduma ya kuonyesha mahali ulipo, ili picha ibebe majira ya nukta, yaani namba za GPS za mahali hapo. Chora ramani kwa mkono: shimo, karasha, mwalo (mahali pa kuoshea mchanga wenye dhahabu), bwawa la marudio, kisima, shule. Nimeona ramani ya kalamu ya risasi ikieleweka kuliko ripoti ya kurasa 80.

Hatua ya 3: Karatasi ya kijiji

Hapa nitakaa kidogo, mnisamehe.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na mkutano wa dharura unaweza kuitishwa. Tangazo libandikwe, lipigwe picha likiwa limebandikwa. Siku ya mkutano orodha ya mahudhurio izunguke kabla watu hawajaanza kuzungumza. Watu wakishaanza kuondoka kwenda kukamua ng'ombe hamtawapata tena. Mwandishi aandike nani kasema nini, kwa maneno yake, na atenganishe aliyeona kwa macho na aliyesikia. "Watu wanasema maji yana sumu" haina uzito. "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuta maji ya lambo yana rangi ya kutu na povu, ng'ombe wangu wawili walikunywa, mmoja akafa saa sita" ina uzito Nzega, Dodoma na London.

Azimio liwe fupi na liwe na jina la anayetakiwa kutenda, kitu chenyewe na tarehe. Sahihi ya mwenyekiti, sahihi ya mtendaji, muhuri. Wasiojua kuandika waweke dole gumba. Ng'ombe wakifa, mwite daktari wa mifugo wa kata siku hiyohiyo, hata kama nyama inawatamanisha watu. Mtu akiumwa, apate karatasi ya zahanati yenye tarehe.

Kuhusu maji: chupa mnayojaza wenyewe ni nzuri kwa kuwashtua wakubwa, lakini mwenye mtambo atasema mmeitia sumu wenyewe. Sampuli yenye nguvu huchukuliwa na afisa: wa NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), wa Mkemia Mkuu wa Serikali, au wa bodi ya maji ya bonde. Upande wa mashariki wa Nzega na Igunga maji huteremkia Bonde la Kati, ambalo makao yake ni Singida. Mito ya Igombe na Ugalla inaelekea Malagarasi, na hiyo ni kazi ya Bonde la Ziwa Tanganyika lenye makao Kigoma. Andika kuomba sampuli siku ileile ya tukio. Wakichelewa, barua yako inaonyesha waliochelewa ni wao.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wasisahaulike. Wao ndio wanaojua lori gani limepita usiku likiwa limefunikwa turubai. Wapeni daftari.

Hatua ya 4: Zebaki, na sisi wenyewe

Sasa maneno machungu. Vijiji vingi vya kwetu vinalalamikia kampuni, huku nyuma ya nyumba kijana anachoma zebaki, ambayo hutumika kunasa dhahabu, kwenye sufuria ambayo mama yake atapikia ugali. Ukienda kwenye chombo cha kimataifa na hilo halijashughulikiwa, upande wa pili utaleta picha.

Mkataba wa Minamata, mkataba wa dunia kuhusu zebaki, unaitwa kwa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ikaingia kwenye samaki, ikawaharibu watu mishipa ya fahamu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Tanzania ilisaini mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020. Kifungu chake cha 7 kinahusu wachimbaji wadogo wa dhahabu moja kwa moja. Hakisemi fungeni maduara (mashimo ya wachimbaji wadogo) yote kesho. Kinataka nchi ipunguze zebaki na, pale inapowezekana, iiondoe, na iwe na mpango wa kitaifa. Mpango huo lazima ushughulikie mambo manne mabaya zaidi: kumwagia zebaki mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha kuoshwa, kuchoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki hadharani, kuuchoma kwenye makazi ya watu, na kutia sianidi kwenye marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa.

Hilo la nne ndilo letu hapa. Mchimbaji anaosha kwa zebaki, marudio yanauzwa kwa mwenye mtambo, naye anayaloweka kwenye sianidi kupata dhahabu iliyobaki. Sianidi huiyeyusha zebaki pia na kuifanya isafiri na maji. Bwawa likivuja, kinachoingia lamboni ni sumu mbili zikiwa zimeshikana mikono. Basi andikeni kanuni ya kijiji: marudio hayauzwi mpaka ijulikane yametoka mwalo upi na yalioshwa kwa nini.

Upande wa kuchoma, kifaa kipo: chungu cha chuma chenye bomba la kupoza mvuke, ambacho mafundi wa kuchomelea wanaweza kukitengeneza. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji, unarudi kuwa zebaki, na sehemu kubwa unaitumia tena. Nimeona mwenye duara mbishi akikubali, si kwa sababu ya afya, ila kwa sababu zebaki aliyoiokoa ilikuwa pesa. Sawa tu, sababu yoyote ni nzuri. Mahali pa kuchomea pawe mbali na nyumba, na mjamzito na mtoto wasikaribie kabisa.

Hatua ya 5: Watoto, walinzi, fidia

Kwa ufupi. Uchimbaji madini ni kazi hatarishi kwa mtu wa chini ya miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kwa Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani ambao Tanzania imeuridhia. Mtoto anayeponda mawe siku ya shule ni sababu tosha ya mnunuzi wa Ulaya kukataa dhahabu ya eneo zima. Mwalimu mkuu ana daftari la mahudhurio; linganisheni na siku za rashi, watu wanapokimbilia dhahabu mpya.

Walinzi wakipiga watu: fomu ya polisi namba 3, hospitali, majina ya mashahidi, saa. Kampuni kubwa nyingi zimejifunga kwa Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu za mwaka 2000, zinazowataka wapime hatari ya nguvu kupita kiasi hata pale wanapolindwa na polisi wa serikali. Uliza kwa barua kama kampuni yenu imo.

Fidia ya ardhi iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Usisaini fomu ya tathmini yenye nafasi zilizoachwa wazi, hata kama mthamini ni shemeji yako.

Hatua ya 6: Ngazi ya nyumbani, kisha vuka mpaka

Anza na kampuni yenyewe. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoidhinishwa mwaka 2011, zinataka kila kampuni iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko, na vyombo vya juu vitakuuliza kama uliujaribu. Andika, ipe siku 14, hifadhi jibu au ukimya. Kisha halmashauri, Afisa Madini, na NEMC, ambayo ina mamlaka ya kutoa amri ya kuzuia shughuli na amri ya kurejesha mazingira. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila malipo.

Ukikwama, angalia ulichoandika kwenye hatua ya 1, kwa sababu mlango wa nje unategemea nani yuko nyuma ya leseni.

Kama kampuni mama ni ya nchi inayofuata Miongozo ya OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri) kwa kampuni za kimataifa, mfano Australia, Kanada, Uingereza au Marekani, kila nchi ya aina hiyo ina ofisi ya kupokea malalamiko dhidi ya kampuni zake popote duniani. Si mahakama. Wanafanya tathmini ya awali, wanawaalika mezani, na mwisho wanatoa taarifa ya hadharani. Haina pingu, lakini wawekezaji huisoma. Kampuni za nchi ambazo hazimo, China kwa mfano, haziguswi na njia hii.

Kama mradi una pesa za IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, kuna ofisi huru ya malalamiko inayoitwa CAO. Unaweza kuwaandikia kwa Kiswahili, barua tu, bila wakili, na kuomba jina lako lisitajwe. Kwa vijiji vyetu huu ndio mlango rahisi kuliko yote, na ajabu ni kwamba wachache wanaujua. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ina chombo chake cha namna hiyo.

Mahakama za nje zipo pia, ila ni safari. Mwaka 2013 wanavijiji wa kuzunguka mgodi wa North Mara walifungua kesi London dhidi ya African Barrick Gold kuhusu watu waliouawa na kujeruhiwa. Mwaka 2015 pande zote zilimalizana nje ya mahakama. Bila wakili wa huko aliyekubali kubeba gharama, isingewezekana.

Arusha kuna mahakama mbili, na watu huzichanganya. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu haipokei tena kesi mpya za moja kwa moja kutoka kwa mwananchi wa Tanzania, maana serikali iliondoa tamko la kuruhusu hilo mwaka 2019 na likakoma mwaka uliofuata. Mahakama ya Afrika Mashariki bado unaweza kwenda, dhidi ya serikali na si dhidi ya kampuni, lakini una miezi miwili tu tangu kitendo kufanyika au tangu ulipokijua. Miezi miwili! Vijiji vingi huwa bado vinasubiri mgeni rasmi aje. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, inayosimamia Mkataba wa Afrika ambao kifungu chake cha 24 kinatambua haki ya mazingira mazuri, inataka kwanza umalize njia za nyumbani.

Na mnunuzi: Mwongozo wa OECD wa ununuzi makini wa madini, pamoja na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, unawataka waagizaji wa dhahabu, bati, tantalumu na tungsteni wajue hatari zilizopo kwenye mnyororo wao. Barua yenye picha, tarehe na muhtasari uliopigwa muhuri, ikienda kwa kiwanda cha kusafisha, inaleta mkaguzi. Tahadhari moja: mwongozo huo hautaki wachimbaji wadogo wasusiwe, unataka wasaidiwe kurekebisha. Semeni hivyo waziwazi kwenye barua, msije mkaua soko lenu wenyewe.

Neno kwa jirani zetu wa Kigoma

Maji ya Ugalla hayajui mpaka wa mkoa. Yanaingia Malagarasi, yanapita kwenye ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2000, ndipo yanamwagika Ziwa Tanganyika, ziwa la nchi nne. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilisaini mkataba wa ziwa hilo mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura. Mkataba huo unazitaka nchi zizuie uchafuzi na zifanye tathmini ya athari kabla ya miradi. Kwa hiyo uchafu wa Sikonge unaweza kuwa hoja ya mvuvi wa dagaa wa Ujiji, na muhtasari wa vijiji viwili vya mikoa miwili una uzito kuliko wa kimoja.

Kigoma pia ni bandari ya mizigo ya Kongo. Nchi za Maziwa Makuu zina utaratibu wao wa vyeti vya madini: mgodi hupewa kijani, njano au nyekundu, na bluu ni ambao haujakaguliwa. Mchukuzi akikuambia ubebe viroba visivyo na lebo, mwache abebe mwenyewe.

Kuhusu usalama na nakala

Anayeandika barua asiwe mtu mmoja. Barua itoke kwa kamati, sahihi zizungushwe duara kama wafanyavyo wazee, ili asionekane wa kwanza. Tangu mwaka 2015 ipo sheria ya kulinda watoa taarifa na mashahidi. Itajeni kwenye barua mnapompelekea afisa habari nyeti. Msiweke majina ya watoto wala ya wanawake waliodhalilishwa kwenye nakala inayozunguka.

Nakala ziwe nne: moja kwa mtendaji, moja kwa mwenyekiti, moja kwa mtu wa mjini mnayemwamini, na ya nne iwe picha kwenye simu mbili tofauti. Ile ya ofisini ifungeni kwenye mfuko wa nailoni kabla ya masika, maana mabati ya ofisi zetu nyingi yanavuja juu ya kabati hasa.

Ile kamati yetu ya chini ya mwembe iliandika upya muhtasari mwezi uliofuata. Safari hii kijana wa bodaboda alitaja saa, rangi ya lori na tarakimu tatu za namba yake, na mtendaji akagonga muhuri kila ukurasa.